Majina kwenye simu yako: jinsi ya kuyaweka sawa na kutowapoteza wenyewe

Maswali ni yale yale. "Nimebadilisha simu, majina yote yamepotea, nifanyeje?" "Nina Juma wanne, yupi ni yupi?" "Sijamtafuta miaka mitatu, sasa naanzaje?" Nimeyajibu mara nyingi mno kwa meseji za usiku, mwisho nikaona niyaandike yote mahali pamoja. Mwongozo huu ni wa mtu anayeanza. Kama unajua kutuma picha, utaweza.

Watu wengi wakiamua kusafisha majina huanza kwa kufuta. Mimi nakuomba uanze kwa kusalimia. Salamu moja inakuonyesha kama namba iko hai na kama anayeitumia bado ni yule yule. Kumbe kusahihisha orodha na kuwajulia watu hali ni kazi moja. Ukizitenganisha utaifanya ya kwanza tu, na mwaka ukiisha utakuwa na orodha safi ya watu wasiokukumbuka.

Vitu vya kuwa navyo kabla ya kuanza

- Simu yenye chaji na intaneti.
- Akaunti moja ya Google, au iCloud kwa wenye iPhone, ambayo nenosiri lake unalijua. Unalijua wewe, si kwamba simu inakukumbukia. Jaribu kuingia kwenye kifaa kingine. Ukishindwa, shughulikia hilo kwanza.
- Simu ya zamani na laini za zamani kama bado unazo, hata kama kioo kimepasuka.
- Daftari na kalamu. Utacheka, lakini utavihitaji.
- Dakika 15 kwa siku, kwa wiki mbili au tatu. Usijaribu kuimaliza kazi hii kwa siku moja. Ukifika herufi M utakuwa umechoka, na mtu aliyechoka hufuta ovyo.

Hatua ya 1: Jua majina yako yanakaa wapi

Jina uliloseva linaweza kuwa kwenye laini, kwenye simu yenyewe, au kwenye akaunti. Ukifungua orodha huoni tofauti, yote yamejipanga pamoja kwa alfabeti. Tofauti utaiona siku simu ikiibiwa.

Laini ina nafasi ndogo: nyingi hubeba majina 250 hivi, jina refu hukatwa, na huwezi kuongeza maelezo wala siku ya kuzaliwa. Majina yaliyo kwenye simu yenyewe yatazama nayo ikiangukia majini. Yaliyo kwenye akaunti yanashuka yenyewe ukiingia kwenye simu nyingine. Tunataka yote yawe huko.

Kwenye Android, fungua programu ya majina (menyu ikiwa ya Kiswahili imeandikwa Anwani), gusa kuongeza jina jipya, halafu tazama juu ya ukurasa: pameandikwa jina litahifadhiwa wapi. Ukikuta laini au kifaa, badilisha iwe akaunti yako. iPhone haisevu kwenye laini kabisa, lakini inaweza kuvuta majina yaliyomo. Pitia kwenye mipangilio, sehemu ya Contacts, utaona agizo la kuingiza kutoka kwenye laini. Android nayo ina agizo hilo ndani ya programu ya majina, palipoandikwa Ingiza au Import.

Onyo: angalia usije ukawa unaseva kwenye akaunti ya kazini. Siku ukiacha kazi akaunti hufungwa, na ndugu zako wote wanaondoka na barua pepe za ofisi.

Hatua ya 2: Toa nakala kabla hujagusa chochote

Ndani ya programu ya majina tafuta Hamisha au Export. Simu itakutengenezea faili linaloishia na herufi vcf. Hilo ni daftari lako zima ndani ya faili moja, na Android na iPhone zote zinalisoma. Jitumie kwa barua pepe, au liweke kwenye flashi. Usilitupie kwenye grupu lolote hata kwa dakika moja, kwa sababu hizo ni namba za watu, si zako.

Kosa moja nimelirudia mara mbili mimi mwenyewe: kutoa nakala ya CSV (faili la aina ya jedwali), kuifungua kwenye Excel ili nirekebishe majina haraka, kisha kuiseva. Excel huiona namba ya simu kama hesabu. Sifuri ya mwanzo inaondoka, alama ya kujumlisha inaondoka, na namba ndefu inaweza kugeuka kitu chenye herufi E katikati. Ukiseva hapo, umeharibu. Kama huna sababu ya msingi, baki na vcf.

Hatua ya 3: Kusanya yaliyotawanyika

Washa simu ya zamani, iingize kwenye akaunti ile ile, iache kwenye intaneti hadi imalize kusawazisha. Chomeka laini za zamani moja moja uvute majina yake. Kisha pitia magrupu ya WhatsApp: mtu ambaye hujamseva huonekana kwa namba, na pembeni jina alilojipa mwenyewe likiwa na alama ya wimbi mbele yake. Humo utawakuta watu unaowafahamu vizuri kabisa ila hukuwahi kuwaseva, mnaongea grupuni tu.

Usipange kitu sasa. Ingiza tu.

Hatua ya 4: Andika namba kwa mfumo wa kimataifa

Namba inayoanza na sifuri inaeleweka ndani ya nchi yake tu. Ukisafiri, au mwenzako akihama, simu haitajua ni sifuri ya wapi, na mara nyingi WhatsApp nayo haitamwonyesha. Iandike hivi: alama ya kujumlisha, kodi ya nchi, kisha namba bila ile sifuri ya mwanzo. Kodi ya Kenya ni 254, Tanzania 255, Uingereza 44. Marekani na Kanada zinatumia 1 pamoja. Kwa mpangilio huu namba nzima haizidi tarakimu 15, kwa hiyo ukiona ndefu kuliko hapo ujue kuna tarakimu imerudiwa.

Italia ina mambo yake: namba za simu za mezani hubaki na sifuri hata baada ya kodi. Ukiitoa, simu haiendi.

Hatua ya 5: Mpe kila mtu jina utakalolielewa miaka mitano ijayo

"Juma Mpya" alikuwa mpya siku ile. "Fundi" ni fundi wa nini? "Yule Dada wa Semina" ni nani, na semina ipi? Tumia jina lake la kweli kwanza, kisha neno moja la kumtambulisha: Juma Umeme, Asha Chuo, Shangazi Rehema. Usiishie kwenye "Shangazi" peke yake kama unao wawili. Kuna sababu nyingine pia: mwizi akiipata simu yako wazi, "Mama" na "Mume Wangu" ndio wa kwanza kuombwa pesa.

Sasa shuka hadi sehemu ya maelezo. Watu wengi hawajawahi kuigusa, na kwa maoni yangu ina thamani kuliko namba yenyewe. Namba unaweza kuipata kwa mtu mwingine. Mazungumzo yenu huwezi. Hii hapa ni kadi moja kutoka kwenye simu yangu, nimeacha jina:

"Tulikutana mafunzo ya uhasibu 2016. Asubuhi hapokei, apigiwe baada ya saa 12 jioni. Mtoto wa pili alichelewa kuongea. Machi: anahama nyumba. Alinikopesha kitabu, SIJARUDISHA."

Mistari mitano tu. Nikimpigia mwezi wa tano namuuliza kuhusu nyumba mpya na kijana kaanza kuongea vipi, na yeye anahisi kama tuliachana jana. Si kwamba nina kumbukumbu nzuri. Naandika mara tu nikikata simu, kabla sijafungua kitu kingine. (Kitabu nilikirudisha.)

Onyo dogo: usiandike humo nenosiri, namba za benki, wala siri ya mtu. Programu nyingi huomba ruhusa ya kusoma majina yako, na wengi wetu hubonyeza kukubali bila kusoma. Kuna programu za mikopo zilizowahi kuwasumbua ndugu na marafiki wa mdaiwa kwa kutumia orodha hii hii. Mwaka 2023 Google ilizikataza programu za mikopo binafsi zilizo kwenye duka lake kusoma majina, lakini zinazopakuliwa nje ya duka hazibanwi na katazo hilo. Ingia kwenye mipangilio ya ruhusa, uzinyime zote zisizohitaji.

Na ukiwa hapo, weka mtu wa kupigiwa wakati wa dharura. Mwaka 2005 mhudumu wa gari la wagonjwa wa Uingereza, Bob Brotchie, alihimiza watu waseve jina hilo kwa herufi ICE (kifupi cha Kiingereza cha "wakati wa dharura") ili waokoaji walione haraka. Wazo lilikuwa zuri, ila siku hizi simu hufungwa kwa nenosiri na orodha haifunguki. Tumia sehemu ya taarifa za dharura kwenye mipangilio ya simu, ile inayosomeka hata skrini ikiwa imefungwa.

Hatua ya 6: Unganisha yanayojirudia, moja moja

Google na iPhone zote hukuonyesha majina yanayofanana na kukupa kitufe cha kuyaunganisha. Kipo pia kitufe cha kuunganisha yote kwa mpigo. Kiache. Baba na mwana wenye jina moja wataunganishwa kuwa mtu mmoja, na mke na mume wanaotumia simu moja vilevile. Soma kila jozi kabla ya kukubali.

Mtu akiwa na namba mbili, usifute ya zamani mara moja. Iwekee lebo "zamani" hadi ile mpya uwe umeipiga na kumsikia mwenyewe.

Hatua ya 7: Gawa watu kwa kadiri ya ukaribu

Mtafiti wa Uingereza Robin Dunbar alipendekeza mwaka 1992 kwamba uhusiano wa kweli ambao mtu mmoja anaweza kuubeba ni watu 150 hivi. Wapo wanaoipinga hesabu yake, nami sitakutetea namba hiyo, ila inatosha kukutoa hofu: huna haja ya kuwasiliana na watu 900 waliomo kwenye simu.

Tengeneza lebo tatu, yaani makundi ndani ya programu ya majina. "Wiki" ni watu wachache sana, wale ambao wakinyamaza siku kumi unaanza kuwaza. "Msimu" ni wa kila miezi mitatu: marafiki, ndugu wa mbali kidogo, mliofanya kazi pamoja. "Mwaka" ni wale unaowatakia heri mara moja au mbili. Waliobaki hawahitaji lebo. Wakae tu, hawali chochote.

Ukiweka watu 60 kwenye "Msimu" umejidanganya. Mimi nina 24, maana yake wawili kwa wiki, na hata hao wiki nyingine nawakosa.

Hatua ya 8: Salimia, ukianza na mliopoteana

Hapa ndipo wengi hukwama, kwa aibu tu. Unaogopa atasema, "Leo umenikumbuka? Una shida gani?" Hofu hiyo ina msingi, kwa sababu watu wengi huibuka wakiwa na shida. Dawa yake ni kujitambulisha, kusema kwa nini unaandika, na kuuliza jambo moja linalomhusu yeye. Mfano:

"Habari za siku nyingi? Ni Salum, tulikaa wote idara ya stoo. Napitia namba zangu, nikaona nihakikishe kama hii bado ni yako. Mara ya mwisho ulikuwa unajiandaa na mtihani wa ufundi. Uliishia wapi? Usiharakishe kujibu, nilitaka kukujulia hali tu."

Kwa mtu mzima wako, mjomba, mwalimu wako, bosi wa zamani, anza na shikamoo, na kama inawezekana mpigie badala ya kuandika. Meseji kwa mzee uliyemnyamazia miaka miwili ni kama kugonga mlango na kukimbia.

Makosa ninayoyaona kila siku:

- Kuandika "Mambo" peke yake kisha kusubiri. Umempa kazi ya kukukisia. Atajibu "nani mwenzangu?" na nyote mtaona aibu.
- Kutuma picha ya maua yenye salamu kwa watu wote. Hiyo si salamu, ni tangazo. Halafu orodha ya matangazo ya WhatsApp huishia watu 256, na inawafikia tu wale waliokuseva. Wale uliopoteana nao, ambao ndio ulikuwa unawatafuta, hawaipati.
- Kuomba kitu kwenye meseji ya kwanza. Kama una shida ya kweli, sema wazi tangu mwanzo. Usimzungushe kwa salamu tano.
- Kumlaumu: "Umenitupa kabisa!" Hata wewe simu ilikuwa mkononi.

Usimwage yaliyo moyoni kabla hujajua upo na nani. Niliwahi kusikia rafiki wa zamani amefiwa na baba yake. Nikakaa, nikaandika pole ndefu, nikamkumbusha jinsi mzee alivyokuwa akitutania tukichelewa kurudi. Jibu likaja baada ya saa moja: "Pole sana ndugu yangu, lakini mimi siye. Hii laini nimeinunua mwezi uliopita." Namba isiyotumika kwa muda mrefu kampuni ya simu huiuza upya. Tangu siku ile naanza na mstari mmoja wa kujua ni nani, ndipo mengine yafuate. Yule mgeni, nimpe haki yake, alijibu kiungwana kuliko ndugu zangu kadhaa.

Hatua ya 9: Iwe mazoea

Weka kikumbusho kimoja kwenye kalenda, siku na saa ile ile kila wiki, dakika 15. Fungua lebo ya "Msimu", chagua wawili, wasiliana nao, andika maelezo, ongeza tarehe. Funga. Siku za kuzaliwa ziingize kwenye kadi ya mtu, nazo zitatokea kwenye kalenda zenyewe.

Mtu mpya mseve mbele yake mwenyewe, umbipu palepale, uone simu yake inaita. Inachukua sekunde kumi, na inakuepusha na namba yenye tarakimu moja iliyokosewa, kosa ambalo baadaye halirekebishiki.

Ukibadilisha namba yako wewe, tumia kipengele cha WhatsApp cha kubadilisha namba kabla laini ya zamani haijazimwa. Kinahamisha akaunti, kinawajulisha magrupu, na kinakuuliza kama uwaarifu watu wako wote au uliowahi kuandikiana nao tu. Kisha wapigie watu wa lebo ya "Wiki" kwa sauti yako. Sababu inafuata hapa chini.

Ikikwama

*Nimepata meseji "hii ndiyo namba yangu mpya".* Usiibadilishe bado. Matapeli hutumia maneno hayo hayo, na siku ya pili wanaomba pesa. Piga namba ya zamani kwanza. Isipopatikana, piga hiyo mpya usikie sauti, au uliza kitu ambacho nyinyi wawili tu mnakijua. Sehemu ile ya maelezo itakusaidia hapa pia.

*Majina yote yametoweka ghafla.* Tulia, usianze kuingiza upya. Kwanza angalia kama orodha haijachujwa ionyeshe akaunti moja tu. Mara nyingi tatizo ni hilo. Kama kweli yamefutika, fungua Google Contacts kwenye kompyuta utafute agizo la kutengua mabadiliko: unaweza kuirudisha orodha ilivyokuwa siku yoyote ndani ya siku 30 zilizopita. Tovuti ya iCloud nayo ina sehemu ya kurejesha data, kwa kipindi hicho hicho. Kumbuka orodha inarudi nzima kama ilivyokuwa, kwa hiyo majina uliyoongeza baada ya siku hiyo yaandike pembeni kwanza. Ndiyo kazi ya daftari.

*Jina lipo kwenye simu lakini halionekani WhatsApp.* Angalia kodi ya nchi, kisha ruhusa ya WhatsApp kusoma majina. Ikiwa zote ziko sawa, huenda ameacha kuitumia: akaunti ikikaa siku 120 bila kuguswa kwa kawaida hufutwa.

*Simu inaita, haipokelewi, meseji hazijibiwi.* Jaribu mara mbili kwa kuachanisha wiki kadhaa, kisha muulize mtu mnayefahamiana wote. Ukipewa namba, mwombe aulize kwanza kama mwenyewe ameridhia. Kama mwenzako hataki, hataki. Iache kadi ilivyo, usimwandikie ya tatu.

*Namba ya mtu aliyefariki.* Naulizwa hili kwa sauti ya chini kuliko mengine yote. Hakuna anayekulazimisha kuifuta. Ondoa siku ya kuzaliwa kwenye kadi yake, la sivyo simu itakukumbusha umpongeze. Itoe kwenye lebo zote. Meseji na sauti zake unazotaka kubaki nazo zihifadhi mahali pengine mapema, kwa sababu namba itauzwa kama nyingine, na siku moja utaona picha ya mtu usiyemjua juu ya jina lake. Ukiiona, ondoa namba, uache jina na yale maelezo.